Uache Nafasi ya Jina

Kamina, tarehe 14 mwezi wa pili 1999

Kwa mudogo wangu Gamaliel, mwalimu ku Kinkondja,

Salamu mingi kwako, kwa bibi yako Lise, na kwa batoto. Sisi huku tuko, tunapumua. Urbain bwana yangu angali ku kazi ya njia ya chuma, lakini mushahara njo ile ile ya hewa. Anaenda asubui na kofia ku kichwa, anarudi mangaribi na kofia ku kichwa, basi. Treni inapita wakati inapenda, na ikipita ni ya basoda na bunduki zabo. Mutoto wetu Précieux alipona malaria, sasa anakula mpaka naogopa kumuangalia, maana bukari ni kidogo.

Habari njo hiyo. Sasa neno yangu.

Mama alitoka hapa mwezi wa kumi bila kuniaga, akaja kwako. Sababu unaijua, kartie yote, mutaa muzima, inaijua, maana aliisema ku mulango ya kanisa kwa sauti ya mutu anahubiri. Lakini nataka uisikie ku kinywa yangu pia. Wakati tulizika Baba, tuliweka bintu yake ya kazi juu ya kaburi vile desturi iko: kofia, kikombe yake ya chai, na pinse yake ya kontroleri, ile alikuwa anatoboa nayo tikiti ya bantu mu treni. Bintu yote tulishikisha na simenti. Miaka tatu pinse ilikaa pale inanyeshewa mvua. Minyi mwenyewe nikaenda na nyundo, nikaitoa. Mama alipoenda kukata majani ku kaburi aliona simenti imevunjika, akajua ni nani.

Sikatai. Niliitoa kwa sababu ya kadi natengeneza na kuuza. Unakumbuka kila kontroleri alikuwa na tundu yake, haifanani na ya mwenzake, ili bureau ijue ni mukono ya nani ilitoboa. Ya Baba ni ua ya majani tatu. Mu Kamina yote hakuna kitu inatoboa karatasi muzuri vile. Nachonga mihuri mu soli ya sapatu, naibandika ku kipande ya mbao, napiga njiwa, kengele ya Noeli, pete mbili ya barusi. Kisha natoboa pembe na pinse ya Baba, natia karatasi nyekundu chini, ua inaonekana nyekundu. Karatasi yenyewe ni farde, majalada ya zamani ya bureau, Urbain ananiletea. Bantu banapenda. Kadi njo inalisha batoto hapa, si njia ya chuma. Mama anasema naiba kwa maiti. Lakini Baba hasikii njaa kule iko, na batoto yangu banasikia.

Minyi yaya yako, dada mukubwa, nakuomba umuambie Mama arudi mbele ya njia kufungwa. Banasema vita inashuka upande huu. Nyumba ni yake. Kama hataki kusema na minyi, asiseme, lakini akae hapa. Mu barua hii natuma kadi yake. Niliitengeneza polepole, kila pembe. Umuambie ni minyi, kisha uniandikie neno gani alisema. Neno yake, si yako.

Kabamba wa baiskeli, yule muuza samaki, njo anabeba barua. Akirudi na samaki anaweza kurudi na jibu pia.

Yaya yako,
Noémie


Kinkondja, tarehe 20 mwezi wa tatu 1999

Yaya Noémie,

Barua yako ilifika, inanuka samaki lakini inasomeka. Tunashukuru Mungu juu ya Précieux. Huku Lise alizaa mwezi uliopita, mutoto mwanamuke, tulimupa jina Talitha. Masomo inaendelea nusu nusu. Bazazi banatulipa na samaki, njo maana walimu yote ya hapa tunanuka namna moja. Ku ziwa basoda banakamata mitumbwi juu ya kubeba bintu yabo, na bavuvi banaificha mu matete.

Mama anakusalimia.

Kadi aliipokea. Aliiangalia sana, mpaka chai yake ikapoa. Ni kazi muzuri, Yaya. Hata mukubwa wa masomo alishangaa kusikia ni soli ya sapatu.

Juu ya kurudi, naona tungojee. Toka hapa mpaka Bukama ni mutumbwi, na katikati kuko bantu na mikuki na bunduki, kila muntu banamuuliza anatoka wapi, banachukua mpaka sufuria. Mama iko na umri. Hapa iko kwabo, ndugu yake bako, samaki iko. Na kusema kweli anatusaidia na batoto sasa Lise alizaa. Tungojee kidogo tu.

Usikasirike mbiombio vile ni kawaida yako.

Mudogo wako,
Gamaliel


Kamina, tarehe 2 mwezi wa tano 1999

Kwa Gamaliel,

Salamu kwako na kwa Lise. Talitha akuwe muzuri, awe na akili ya mama yake, maana ya baba yake naijua. Nimemutumia kadi: nilichonga kiatu kidogo ya mutoto, na pale pa kamba nikatoboa ua. Huku tuko. Bunga ilipanda bei, chumvi ilipotea, ikarudi, ikapotea tena.

“Mama anakusalimia.” Nilisoma ile maneno mara mingi, Gamaliel. Barua gani kwetu haina ile maneno? Hata muntu mwenye kunichukia anaandika ananisalimia. Nilikuuliza alisema nini. Weye unaniambia aliangalia. Mbuzi pia inaangalia.

Basi umuambie neno hii. Siku ya Mungu basoda ya base, ile kambi kubwa, banakuja ku mulango ya kanisa kununua kadi, wale wageni balikuja kusaidia serikali. Kiswahili banajua kidogo tu. Mumoja ananionyesha kifua, mwingine anafanya kama anabembeleza mutoto, nami nachonga roho, nachonga mutoto, banatuma kwa bibi zabo. Mukubwa wabo mumoja aliona pinse ku meza. Alitaka kuinunua, akaniambia ataleta mufuko wa muchele, muzima. Nilikataa. Urbain alihesabu kwa sauti siku ngapi ule mufuko ungetulisha. Umuambie Mama nilikataa muchele, ajue si kila kitu minyi nauza.

Sasa sikiliza. Mwisho wa mwezi huu Urbain anapanda treni mpaka Bukama, iko na mashini ya kutengeneza kule. Kabamba aliitika: atamupandisha Mama ku mutumbwi, atamufikisha Bukama mukono ku mukono. Urbain atamungojea ku gare ya treni. Yote nimeitengeneza, weye kazi yako ni kumuachilia tu. Batoto yako Lise atabalea, njo yeye alibazaa.

Nimefagia chumba yake. Nimetia godoro ku jua.

Noémie


Kinkondja, tarehe 11 mwezi wa saba 1999

Yaya Noémie,

Salamu. Utanisamehe kukawia. Kolera iliingia hapa mwezi wa sita, na bakimbizi bale bengi, masomo ikafungwa. Lise iko salama, Talitha iko salama, bakubwa yake pia.

Nilisikia Urbain alingojea ku Bukama bure. Pole kwake. Minyi njo nilizuia safari, kosa ni yangu, usitafute mwingine. Sasa njia imefungwa kabisa, Kabamba tu njo anapita mu pori, tusiizungumze tena.

Niko na kazi kwako. Hapa kuko familia moja, ya mwalimu, bamepoteza mama yabo mu kolera. Bantu bengi balibasaidia: kanisa, korali, bavuvi bale balitoa mutumbwi mu mafichoni juu ya kupeleka maiti ku makaburi upande mwingine wa maji. Familia inataka kubashukuru na kadi, vile bantu ya muji banafanya kilio ikiisha. Huku hakuna mwenye kujua kazi hiyo. Nikasema, niko na yaya yangu Kamina.

Fanya paketi kubwa, rangi nyeusi, maneno kidogo: familia inashukuru. Uache nafasi ya jina, nitaliandika minyi na mukono. Samaki ya malipo Kabamba atakuletea.

Fanya vile ungefanya kwa muntu wako.

Gamaliel


Kamina, tarehe 8 mwezi wa nane 1999

Kwa Gamaliel,

Salamu kwenu. Tunashukuru Mungu kolera iliwapita. Urbain alirudi toka Bukama na homa na hasira. Alilala siku mingi ku gare, kila mutumbwi inafika anasimama, anaangalia bamama bazee moja moja. Ile hasira nilimuambia aitunze, siku moja atakupa yote mukononi.

Kwa hiyo ulimuzuia. Nilijua. Ulitaka mulezi wa bure wa kubeba Talitha ku mugongo. Nikikutana na weye nitasema ingine. Na safari hii ulisahau hata kuandika Mama ananisalimia. Afazali. Angalau haukudanganya.

Kadi ya mwalimu wako njo hii. Tampo ya bureau, ile ya wino, ilikauka, nikavunja betri ya radio, nikatoa ile unga nyeusi ya ndani, nikachanganya na mafuta kidogo. Nyeusi yake ni muzuri kuliko ya Lubumbashi. Nilichonga mikono mbili inashikana. Mukono ni kazi nguvu, vidole inakatika mu soli, niliharibu sapatu ya Précieux yote mbili mbele ya kupata moja ya kufaa. Kandokando nilipiga musitari mweusi, moja moja, si haraka haraka. Na pembe zote ine nimetoboa na pinse ya Baba.

Lakini nani alisikia hii ya kuacha nafasi ya jina? Jina ya marehemu njo muhuri ya kwanza muntu anachonga. Huyu mwalimu anaona haya juu ya mama yake? Angeniandikia jina ningelichonga, ingekaa muzuri kuliko mwandiko yako, ile ya kuku inatafuta chakula mu takataka. Lakini nimeacha. Nafasi iko pale katikati, kubwa, hata kama mama yake alikuwa na majina kumi itaenea.

Nilikuwa naimba nikipiga muhuri. Précieux akaniuliza, Mama, unaimba juu ya kadi ya kilio? Nikamuambia ni kilio ya bengine.

Umupe huyu mwalimu pole yangu. Umuambie iko na bahati mu bahati mbaya yake: alikuwa pale, alimushika mama yake mukono. Na Mama umupe kadi moja, ile nimezidisha ni yake. Aone pinse ya Baba inafanya kazi ya heshima pia. Labda roho yake italegea. Uangalie uso yake akiishika, uniandikie.

Noémie


Kinkondja, tarehe 3 mwezi wa kumi 1999

Yaya,

Salamu kwa Urbain na batoto. Kadi ilifika yote, hakuna iliyolowa. Bantu hapa balilia kuiona. Mwalimu anakushukuru sana, zaidi ya vile naweza kuandika.

Mama iko mu amani. Anakusalimia.

Kabamba iko na samaki yako. Basoda balipita hapa, kisha bale bengine balipita, kila kundi iliacha njaa nyuma yake. Sitaandika mingi, mukono inauma.

Gamaliel


Kamina, tarehe 21 mwezi wa kumi na moja 1999

Gamaliel,

Salamu sina.

Jumanne Pasteur Lumbu wa kanisa yenu alifika Kamina na familia yake, balikimbia Kinkondja, batoto yake miguu imevimba. Mbele hata ya kutafuta pa kulala alikuja kwangu. Alivua kofia, akakaa. Minyi nilikuwa nakoroga gundi ya bunga ya muhogo, nikamuambia Pasteur utanisamehe, gundi ikipoa inaharibika. Akasema, Mama, maliza kazi yako, kazi inasaidia mutu mwenye huzuni. Nikafikiri anasema juu ya vita. Kisha akaomba. Aliomba juu ya mama yetu Tshala aliyelala, Bwana amupokee. Nikamuangalia. Akaendelea, akaniambia tulimuzika muzuri, Mama, usiwe na wasiwasi, korali ilikuwa pale. Na kadi ulizotuma, aliniambia, sisi yote tulisema huyu mutoto iko mbali lakini ameshukuru kwa mukono yake mwenyewe.

Akafungua Biblia yake, akatoa kadi yangu. Mikono mbili inashikana. Ua ine ku pembe. Na mu ile nafasi nilikuwa nakunungunikia juu yake, mwandiko yako: Mama Tshala.

Pasteur aliona uso yangu njo akajua sijui. Alivaa kofia, akaivua, akaivaa tena. Muzee wa bantu, nilimuhurumia kuliko nilijihurumia.

Kwa hiyo Kinkondja yote ilijua. Kabamba alijua. Alisimama ku mulango yangu na samaki ya malipo, alikula bukari yangu, akaangalia chini, nikafikiri ni uchovu wa baiskeli. Ulinilipa samaki juu ya kilio ya mama yangu, Gamaliel, na minyi nikaikaanga, nikasema mwalimu huyu si mutu wa choyo.

Nilikuwa naimba. Nilikuandikia mwenyewe nilikuwa naimba. Ulisoma ile na ukanyamaza. Nilikuambia iko na bahati, alimushika mama yake mukono, ukanyamaza. Na mwezi wa kumi ukaandika anakusalimia. Iko mu udongo tangu mwezi wa sita, na anakusalimia. Wino haikukataa mu mukono yako?

Nilifungua kilio. Bantu balikuja, balikaa chini, bamama balifungua nywele. Kisha mumoja wa kanisa akauliza kifo ilikuwa lini. Nikasema mwezi wa sita. Nikaona banaangaliana. Balikuwa banakutana na minyi ku soko miezi yote ile, nimevaa kitenge ya maua, nachekeana na bauza chumvi. Balilia, ndiyo, lakini vile bantu banalia juu ya habari iliyopoa. Jioni balirudi kwabo kupika.

Siku ya kutoa kilio, ya kumaliza matanga, nimeisogeza mbele. Unajua kwetu siku ile mutoto wa kwanza anasimama, anasema maneno marehemu aliacha. Minyi njo wa kwanza. Sina neno. Nimesimama na mikono mitupu mbele ya bantu kwa sababu yako.

Sitaki maelezo. Nataka kitu moja tu, ile niliiomba tangu mwezi wa pili. Alisema nini juu yangu? Uandike vile ilikuwa. Usinidanganye tena hata herufi moja.

Noémie


Kinkondja, tarehe 2 mwezi wa kwanza 2000

Yaya wangu,

Sijui namna ya kukusalimia, basi nakusalimia tu.

Umesema hutaki maelezo, lakini nitasema mbili tatu. Kwetu kifo haiandikwi ku karatasi. Unajua. Mutu mukubwa wa jamaa anatumwa, anafika, anakaa chini karibu na weye, anakushika, njo anasema. Nilitafuta wa kumutuma. Nilimuomba mujomba, akasema njia ni ya kufa. Minyi mwenyewe nilifika mpaka kivuko, basoda balinirudisha na kunipiga. Kabamba ni muuza samaki, ningewekaje kifo ya mama yetu mu kinywa yake? Nikasema nitangojea njia ifunguke. Kila mwezi nilisema mwezi ujao. Na kila barua yako ilifika imejaa hasira na nguvu, nikaona, angalau Yaya bado iko na mama.

Juu ya kadi. Bantu bale balimuzika Mama mu kolera, wakati hata ndugu ya bengine balikimbia maiti zabo. Tulipashwa kubashukuru. Nikafikiri, Noémie hakuosha mwili, hakulia, hakutupa udongo. Awe na mukono yake mu kilio, hata kama hajui. Nilidhani ni heshima nakupa. Niliandika jina ku kadi moja moja, na kila moja nilikuombea. Sasa naona ilikuwa kitu gani. Lise aliniambia tangu mwanzo nimefanya vibaya, nikamuambia anyamaze.

Sasa neno uliomba. Umesema vile ilikuwa, hata herufi moja. Nitakutii, nimechoka kukudanganya.

Minyi sikumuzuia Mama. Mwezi wa tano Kabamba alikuja na mutumbwi. Mama alifunga bintu yake, alipanda, alikaa. Kisha akauliza, kule nalala ku nyumba ya nani? Kabamba akasema, ya mutoto yako Noémie. Mama akashuka, akarudi na mufuko ku kichwa. Niliandika ni minyi nilizuia ili ukasirike na minyi, si na yeye.

Kadi yako ya kwanza aliiangalia, ile ni kweli. Aliweka kidole mu ile ua, akaizungusha, akasema hii ni ya bwana yangu. Akanirudishia. Hakuiuliza tena.

Salamu zote niliandika zilikuwa zangu. Hakuna moja alituma. Toka alifika hapa mpaka mwisho hakutaja jina yako. Kolera ilimushika siku mbili. Alimuita Baba, aliita bantu bengine balikufa zamani, sibajui, alimuita Talitha. Minyi nilingojea akuite. Mwisho, nilipoona haitakuja, niliinama ku sikio yake, nikasema, Mama, na Noémie? Alikuwa angali anasikia. Akageuka ku ukuta.

Njo vile ilikuwa. Sina ingine.

Gamaliel


Kamina, tarehe 27 mwezi wa pili 2000

Kwa Gamaliel,

Salamu kwako, kwa Lise na kwa batoto. Sisi tuko. Urbain alipata nusu ya mushahara ya mwaka jana, tukanunua bunga. Précieux iko na sapatu mupya.

Barua yako ilifika asubui ya siku ya kutoa kilio. Nilikuwa nimesogeza ile siku mara mbili, nangojea. Uwanja ilikuwa imefagiwa, bamama ya kanisa banapika sombe ya majani ya muhogo, Pasteur Lumbu iko ku kiti ya mbele. Niliisomea nyuma ya jikoni, nimesimama, wino imeshikana na jasho, yako ama yangu, sijui. Niliisoma mpaka pale pa ukuta. Kisha nikaiweka mu moto chini ya sombe, basi usiniombe nikurudishie, haiko.

Nitakuambia kitu moja na sitairudia. Ile ulipashwa kuniambia, ulinificha miezi yote. Na ile ulipashwa kunificha mpaka ufe, njo ulichagua kuniambia. Najua niliomba. Niliandika hata herufi moja. Weye ulinijua tangu ukiwa mutoto nakubeba ku mugongo, ulijua naomba nini. Ulidanganya juu ya salamu, juu ya safari, juu ya mwalimu mwenye mama, ulikuwa fundi. Ungeshindwa nini na hii moja?

Walinisimamisha. Bantu balikuwa bengi kuliko mara ya kwanza, maana sombe ilikuwa na samaki. Muzee wa kanisa aliuliza vile desturi iko: mutoto wa kwanza, mama yako aliacha neno gani?

Nikasema mama yetu Tshala alikufa ku mikono ya mutoto yake Gamaliel. Nikasema neno yake ya mwisho ilikuwa jina yangu. Nikasema aliniita mara tatu, na ya tatu aliomba aletwe Kamina, na njia ilikuwa imefungwa. Bamama balipiga kelele, balilia, safari hii balilia kweli. Mumoja alianguka. Minyi pia nililia, Gamaliel, maana nikisema vile niliisikia sauti yake inaniita.

Pasteur Lumbu alikuwa pale wakati wa kifo, weye unajua. Aliinamisha kichwa, hakuinua mpaka nimekaa. Kisha akanipa mukono, akasema Amina.

Siku moja vita itaisha, utakuja Kamina na Lise na batoto. Nitakupokea, utakula, utalala mu chumba ya Mama. Bantu balikuwa ku kilio batakuja kukusalimia, na batakuuliza, Gamaliel, ni kweli mama yenu alikufa anamuita Noémie? Nami nitakuwa nimekaa pale.

Utaitika ndiyo.

Yaya yako,
Noémie